Kusoma Pengo

Juu ya meza ya fundi mmoja wa laptopu huko Kariakoo pana kopo kubwa la maziwa ya unga lisilo na maziwa. Limejaa RAM, zile kumbukumbu za laptopu. Zimesimama humo zimeegemeana, nyingi za kijani, chache za buluu, mojamoja nyeusi. Kila moja haifiki sentimita saba kwa urefu, upana wake ni kama sentimita tatu, na ukingo wake wa chini una safu ya meno membamba yaliyopakwa dhahabu. Zimetoka katika laptopu za mtumba zilizovuka bahari ndani ya makontena, zikauzwa, zikatumika, zikafa: hii ilimwagikiwa chai, ile ilikaliwa kwenye daladala, nyingine bodi yake iliungua siku umeme uliporudi kwa hasira. Mashine ikishindikana, fundi huichinja na kuweka kando viungo vilivyo hai. Wateja wakipungua, humwaga kopo lote juu ya gazeti na kuanza kuchambua, na mikono yake huenda kama ya mtu anayechambua mchele kwenye ungo, haraka, bila kutazama kila punje, jicho likisubiri tu kile kinachokwenda kinyume.

Anachokitazama kwanza ni pengo. Katika ile safu ya meno kuna mahali pamekatwa, kijinafasi chembamba kilichoingia ndani ya ubao wenyewe, na ndani ya sloti ya laptopu kuna kigingi cha plastiki kinachokisubiri. Pengo likikutana na kigingi, RAM huingia kwa mshazari, huinamishwa, na vishikizo viwili vya pembeni huikamata kwa mlio mdogo ambao kila fundi anaujua. Visipokutana, haiingii. Na pengo halikai mahali pamoja, hutegemea kizazi cha RAM. DDR, ambayo viwango vyake vilitangazwa mwaka 2000, ina pini 200, na pengo lake liko karibu na ncha moja: meno 20 upande huu, 80 upande ule. DDR2 ya mwaka 2003 ikabaki na pini 200. DDR3 ya mwaka 2007 ikawa na pini 204, pengo likasogea ndani. DDR4 ya mwaka 2012 ina pini 260 na pengo limekaribia katikati, na DDR5 ya mwaka 2020 ina pini 262, pengo limehama tena. Kizazi baada ya kizazi pengo limekuwa likitembea, na fundi aliyezoea huliona lilipofikia kabla hajasoma herufi hata moja.

Jambo hili lilinikaa moyoni kuliko nilivyotarajia. Tumezoea kukitambua kitu kwa kile kilicho nacho: rangi yake, uzito wake, alama yake. Hapa kitu kinatambulika kwa kile kilichoondolewa. Na kilichoondolewa kiliondolewa makusudi, na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Mtaa wa Aggrey wala kumjua fundi huyu, lakini alijua kwamba siku moja, mbali na maabara yake, mtu mwenye haraka atakuwa chini ya taa hafifu anajaribu kuingiza kisichoingia. Umeme wa DDR ulikuwa volti 2.5. DDR2 ikashuka hadi 1.8, DDR3 hadi 1.5, DDR4 hadi 1.2, DDR5 hadi 1.1. Kizazi kimoja kikiingizwa kwenye sloti ya kingine, si kasi peke yake itakayogongana. Pini za umeme zitaangukia pasipo pao, na chipu au bodi inaweza kuungua. Kwa hiyo lile pengo ni kukataliwa kunakookoa. Mlango unakwambia si hapa, na unakwambia kabla hujaumia. Ningependa kuona milango mingi zaidi ya namna hiyo katika nchi hii, kwa sababu mingi niijuayo humwacha mtu aingie kwanza, imuunguze, ndipo imwambie kuwa hakutakiwa.

Hata hivyo pengo nalo lina mipaka yake, na hapo ndipo ufundi unapoanza. DDR na DDR2 zina idadi moja ya pini, na mapengo yao yamepishana kwa kiasi kidogo mno kwa jicho la mgeni. Wengi wamewahi kuilazimisha moja kwenye makazi ya nyingine mpaka plastiki ikalalama. Kwa jozi hii mafundi wakongwe hawatazami hata pengo. Wanatazama chipu zenyewe: za DDR kwa kawaida ni ndefu na zina miguu ya chuma iliyochomoza pembeni, za DDR2 zimelala juu ya ubao bila mguu unaoonekana. Kisha kuna jozi iliyo ngumu kuliko hiyo. DDR3 na DDR3L zina pini 204 zote mbili, pengo liko mahali palepale, urefu ni ule ule, rangi ni ile ile. Tofauti ni herufi moja kwenye lebo na volti 1.35 badala ya 1.5. Ile yenye L inavumilia: ukiipa 1.5 itafanya kazi. Isiyo na L haivumilii, na laptopu zenye prosesa za Intel za kizazi cha nne, zilizotoka kuanzia mwaka 2013, zilitengenezwa kwa ajili ya yenye L. Weka nyingine, itaingia vizuri, vishikizo vitalia, mfuniko utafungwa, skrubu zitakazwa, na ukibonyeza kitufe utapata kioo cheusi.

Nilikuwapo mwanafunzi wa chuo alipofika na laptopu kwenye begi akaomba RAM ya gigabaiti nane.

“Ya mashine gani, mdogo wangu?” fundi akamuuliza.

“Ya HP, kaka.”

“HP ni ukoo. Mwenyewe anaitwa nani?”

Ilikuwa EliteBook 840 G2. Swali lile halikuwa mzaha, maana G2 inatumia DDR3L, na G3 iliyokuja nyuma yake inatumia DDR4. Jina la ukoo ni moja, chakula ni tofauti. Kijana alishangaa kwamba RAM aliyopewa na rafiki yake, yenye ukubwa uleule wa gigabaiti nane, haikuwa na maana yoyote kwake. Alidhani gigabaiti ni gigabaiti. Wengi wetu tunadhani hivyo. Tunauliza kitu kinabeba kiasi gani, hatuulizi kinakaa wapi, ilhali kumbukumbu isiyo na mahali pa kukaa haipunguzi njaa ya mashine hata kwa herufi moja.

Baada ya pengo huja lebo. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na RAM iliyopita mikono mingi ina kamba yake: kikaratasi cheupe chenye maandishi madogo ambayo kwa asiyejua ni kelele. 4GB 2Rx8 PC3L-12800S. Lakini yakisomwa polepole yanajieleza yote. PC3 ni kizazi, DDR3. L ni umeme mdogo. 12800 ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde moja, na ukiigawa kwa 8 unapata 1600, ile kasi ambayo muuzaji ataitamka kwa fahari. S ya mwisho inasema hii ni ya laptopu, si ile ndefu ya kompyuta ya mezani. 2Rx8 inasema chipu zimejipanga katika makundi mawili, na kila chipu inatoa biti nane kwa mpigo. Chini yake kuna namba ya kiwanda, na kila kiwanda kina lahaja yake: za Samsung huanza na M471, kisha B kwa DDR3 au A kwa DDR4. Fundi wa kopo lile anazisoma namba hizi kwa sauti ya chini, midomo ikicheza, na sijui kwa nini sauti ile inanifurahisha.

Lebo ikibanduka mambo hayajaisha. Zipo namba zilizochongwa juu ya chipu zenyewe, na pembeni ya ubao mna kachipu kadogo sana ambako RAM imeandika habari zake: mimi ni kizazi fulani, ukubwa wangu huu, kasi yangu hii, umeme wangu kiasi hiki. Laptopu ikiwashwa huisoma habari hiyo mapema kabisa, ndipo ijue namna ya kuzungumza na mgeni wake. Kachipu hako hakasahau umeme ukizimwa. Ndiyo sehemu pekee ya RAM isiyosahau, na kinachokumbukwa humo ni ukoo tu.

Kuna majina kwenye lebo hizo yanayomfanya mtu asite kidogo. Qimonda ilikuwa kampuni ya Kijerumani, ikafilisika mwaka 2009. Elpida ilikuwa ya Kijapani, ikaomba ulinzi wa mahakama mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na Micron ya Marekani. Viwanda vimefungwa au vimebadili mwenyewe, wafanyakazi wametawanyika, lakini vijibao vyao bado vimo ndani ya kopo la maziwa kando ya Mtaa wa Msimbazi, na vingi bado vinafanya kazi. Ukiona vyaelea vimeundwa, walisema mabaharia, ingawa hawakusema muundaji atakuwa wapi chombo kikiwa bado kinaelea.

Kuchambua huzaa marundo, na marundo hayana haki sawa. Rundo la DDR2 hukua na hakuna anayelinunua. Mashine zake zimekwisha, na zilizobaki hazifungui tena kurasa za leo. Baadaye mnunuzi wa chakavu atalibeba kwa kilo kwa ajili ya ile dhahabu ya kwenye meno, ambayo ni utando tu, na namna dhahabu hiyo inavyotolewa kwa tindikali katika baadhi ya vichochoro vya dunia ni habari nyingine, chafu. Rundo la DDR3L huenda haraka kuliko yote kwa sababu laptopu za wanafunzi ndizo hizo. La DDR4 ni dogo na lina bei. La DDR5 halipo bado. Mtumba wake haujatufikia kwa wingi. Na rundo ambalo halitakuwapo kamwe ni la mashine zile ambazo RAM yake imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ilikuwa na sloti mbili. T490 iliyoifuata imechomelewa sehemu moja ya kumbukumbu yake na kuachiwa sloti moja. MacBook Air haijawahi kuwa na sloti tangu ilipozaliwa mwaka 2008. Sababu wanazotoa watengenezaji ni za kweli: mashine inakuwa nyembamba, umeme unapungua, safari ya data kutoka chipu hadi prosesa inafupika. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini mashine hiyo imezaliwa na kiasi chake cha kumbukumbu na itakufa nacho. Haiwezi kuongezewa na haiwezi kutoa mchango baada ya kifo chake. Mwaka 2023 JEDEC, chombo kinachopanga viwango hivi, kilipitisha umbo jipya liitwalo CAMM2, ubao mwembamba unaofungwa kwa skrubu, kujaribu kurudisha haki ya kuchomoa. Naiombea heri, na si kwa sababu ya mapenzi ya mambo ya kale. Mji unaoishi kwa mtumba unaishi kwa vitu vinavyokubali kufunguliwa.

Sasa, jambo ambalo hakuna lebo inayolisema. RAM hii ya 4GB ilikuwa ndani ya laptopu ya nani? Huenda ilihudumu miaka mitano katika ofisi ya mhasibu mjini Leeds, au kwenye dawati la bawabu wa hoteli huko Sharjah. Barua zilipita humo, na madeni, na picha za watoto, na sentensi ambazo mtu aliziandika usiku akazifuta kabla ya kuzituma. Yote yalikaa kwenye chipu hizi, na hakuna hata moja lililobaki. Diski ya laptopu ya mtumba ni jambo la kuogopesha, maana mmewahi kusikia ya watu waliokuta humo nyaraka za wenyewe. RAM haina siri ya kufichua. Imepita katikati ya maisha ya mtu na kutoka mikono mitupu.

Asili ya usahaulifu huu ni uamuzi wa mtu mmoja. Robert Dennard, mhandisi wa IBM, alipata wazo lake mwaka 1966 na hataza ikatolewa mwaka 1968: kila biti itunzwe kwa transista moja na kapasita moja tu. Kabla yake kila biti ilidai transista kadhaa. Wazo lake lilikuwa la kimaskini kwa maana nzuri ya neno hilo, kufanya kwa kidogo kile kilichofanywa kwa vingi, na ndilo lililoifanya kumbukumbu iwe rahisi kiasi cha kujazwa kwenye kopo. Lakini kapasita huvuja. Chaji iliyowekwa humo huanza kutoroka papo hapo, na kama hakuna kinachofanyika, baada ya muda mfupi moja na sifuri hazitofautiani tena. Kwa hiyo RAM haipumziki. Kila safu ya vijichumba vyake inabidi isomwe na kuandikwa upya ndani ya milisekunde 64, zaidi ya mara 15 kwa kila sekunde, hata kama mwenye laptopu amekwenda kuswali na ameiacha imefunguliwa kwenye ukurasa mtupu. RAM ya gigabaiti nane ina vijichumba zaidi ya bilioni 68. Vyote vinazungukiwa hivyo. Na liko la ajabu zaidi: kusoma kwenyewe ni kufuta. Ili kujua kijichumba kina nini, chaji yake lazima imwagwe, kisha irudishwe kama ilivyokuwa. Kila ukumbusho ni kuharibu na kujenga upya, haraka kiasi kwamba hatujui kuwa kulikuwa na wakati mdogo ambapo jambo halikuwapo popote ila mkononi mwa aliyekuwa akilisoma.

Wanaohifadhi Kurani katika vyuo vya pwani wangelielewa jambo hili bila mchoro. Mtoto aliyehifadhi juzuu thelathini akapongezwa mbele ya umma, akapigiwa takbiri, hajamaliza kazi, ameianza. Asipodurusu kila siku, aya huanza kuteleza, kwanza zile zinazofanana, ambazo tofauti yao ni neno moja tu, kisha nyinginezo. Walimu humsikiliza akisoma na kumrudisha pale alipoteleza, naye husoma tena toka juu. Tunasema fulani amehifadhi kana kwamba jambo limewekwa kabatini na ufunguo umefichwa. Hakuna kabati. Kuna sauti inayorudi mahali palepale kabla hapajafutika.

Na usahaulifu wenyewe hauji mara moja, kama nilivyodhani. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba RAM ikikatiwa umeme hukaa na yaliyomo kwa sekunde kadhaa, na ikipozwa hukaa zaidi. Waligeuza juu chini makopo ya hewa ya kupulizia vumbi, wakapuliza chipu mpaka zikafika nyuzi 50 chini ya sifuri, wakazichomoa, na baada ya dakika kumi karibu kila kitu kilikuwa kingali kinasomeka. Kwa naitrojeni ya kimiminika walipata saa nzima. Waliwatia hofu watu wa usalama, kwa kuwa funguo za siri zinazolinda diski hukaa humo humo kwenye RAM. Mimi nilisoma habari ile nikafikiria joto la Dar es Salaam mwezi Februari, na feni ya fundi inayozunguka bila kusukuma chochote. Kwetu hapa kumbukumbu haingepewa hata dakika hizo.

Jambo moja dogo lisipite. RAM iliyogoma mara nyingi haijafa. Meno yake yameshika uchafu na kutu nyepesi, na yanagusa sloti bila kuongea nayo. Dawa yake ni raba ya kufutia, ile ya mwanafunzi wa darasa la tatu. Fundi huisugua taratibu upande huu na upande ule, hupuliza, huirudisha, na mashine huamka. Kifutio kinarudisha kumbukumbu. Sikuongeza kitu hapo, ndivyo inavyofanyika kila siku katika maduka yale.

Lakini kopo liko Kariakoo, na Kariakoo ina hesabu yake ya zamani kuhusu kuchambua na kukumbuka. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, katika vita vyao na Wajerumani, eneo hili likawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na jina la kikosi likanasa kwenye ardhi hata vita vilipokwisha. Wapagazi walibeba risasi, unga, mizinga iliyofunguliwa vipandevipande, na majeruhi, kupita katika vinamasi vya Rufiji na nyika za kusini. Walikufa kwa malaria, kwa kuhara, kwa njaa na kwa uchovu, wengi kuliko waliouawa kwa bunduki. Na kabla ya kufa walikuwa wamekwisha kuchambuliwa: huyu askari, huyu mpagazi. Uchambuzi huo haukufanywa kumkinga yeyote na moto. Ulifanywa kwa ajili ya posho na mshahara, na baada ya vita ukatumika kwa jambo ambalo pengine hakuna aliyelifikiria wakati ule, yaani kuamua jina la nani liandikwe kwenye jiwe.

Mnara wa Askari uko mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye Barabara ya Samora, tangu mwaka 1927. Ni mwanajeshi wa shaba, amenyoosha bunduki kuelekea bandarini. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja askari na wapagazi, kwa Kiswahili pia, na yanaahidi kumbukumbu. Hakuna jina la mtu hata mmoja. Kuna lebo ya kundi, kuna kizazi, kuna aina. Mtu mwenyewe hayumo. Nimepita pale mara nyingi kama wanavyopita wote, nikiangalia magari, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mnara uliojengwa kukumbuka haujui unamkumbuka nani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hawa walikuwa na madaftari, maana jeshi haligawi posho bila orodha. Kilichokosekana ni mtu wa kurudi kwenye orodha zile kabla hazijafutika na kuziandika upya mahali panapodumu. Kwa wanajeshi wa Uingereza waliokufa kwenye vita hivyohivyo kazi hiyo ilifanyika, kaburi kwa kaburi, jina kwa jina, hata kwa wale ambao mwili wao haukuonekana.

Mwaka 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba waliokufa kati ya 45,000 na 54,000, kutoka Afrika, Asia na kwingineko katika dola ile, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Ikakiri zaidi kwamba wengine wasiopungua 116,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi hiyo inaweza kufika 350,000. Niliirudia sentensi hiyo ya mwisho mara kadhaa. Kati ya namba ya chini na namba ya juu kuna watu 234,000, na mpaka leo hakuna anayeweza kuapa kama walikuwamo katika hesabu au la.